Barabara mpya ikifika Njiru, foleni itakwenda wapi?

Swali: "Mhandisi, salamu. Naishi Njiru na nafanya kazi Industrial Area. Ili niingie kazini saa moja na nusu, lazima niwe steji kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Juzi vijana waliovaa makoti ya kung'aa walipita mtaani wakipima, wakapiga vigingi na kuandika X nyekundu kwenye ukuta wa vyumba vya kupangisha vya mama yangu. Tunaambiwa ni barabara kuu mpya ya kupunguza msongamano wa Eastlands. Majirani wamegawanyika, wengine wanashangilia, wengine wanatafuta wakili. Je, kweli foleni itaisha? Tuunge mkono au tupinge? Na vyumba vya mama vitalipwa?"

Jibu: Dada, umeuliza maswali matatu kwa pamoja, na la mwisho ndilo lenye haraka kwa sababu sheria imelipangia siku zake. Nitalifikia. Lakini hata hilo hulijibu vizuri kabla hujajua barabara yenyewe ni ya aina gani, kwa hiyo nianzie hapo.

Foleni haitaisha. Itapungua mahali fulani kwa muda fulani, halafu itahamia kwingine. Itapungua kiasi gani na kwa muda gani? Hilo linategemea jambo ambalo mabango ya miradi hayapendi kulionyesha: barabara inaishia wapi.

Tazama safari yako mwenyewe. Ukitoka Njiru unaingia Kangundo Road, nayo inakumwaga Outering pamoja na watu wote wa Kayole, Komarock na Umoja. Kutoka hapo mnasukumana mpaka Donholm, mnapinda kuingia Jogoo Road, mnakwenda mdogomdogo mpaka City Stadium. Wengi wa Industrial Area hushuka hapo, wakamalizia kwa miguu Lusaka Road kuelekea Enterprise Road. Yaani mtu ambaye hana shughuli yoyote katikati ya jiji analazimika kufika mlangoni pa jiji ndipo apinde kwenda kazini.

Hilo si bahati mbaya. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na barabara zake kubwa zikakua zikielekea sehemu moja: Waiyaki Way, Ngong Road, Lang'ata Road, Mombasa Road, Jogoo Road, Juja Road, Thika Road. Zote zinaleta watu kati. Zinazokatiza kutoka mtaa mmoja hadi mwingine bila kupitia kati zilikuwa chache mno mpaka juzi tu, zilipojengwa baipasi na Outering ikapanuliwa. Wakati huohuo sensa ya 1999 ilihesabu watu 2,143,254 Nairobi, na ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Idadi imezidi maradufu katika miaka ishirini, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo mko ninyi wa mashariki, ambako ploti ilikuwa bei nafuu na barabara haikuwepo.

Kwa hiyo nikisikia barabara kuu mpya, kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye mchoro ni kama inakatiza au inaelekea kati. Ikiwa itawatoa watu wa Njiru na Kayole na kuwafikisha upande wa Mombasa Road au Industrial Area bila kugusa Donholm na City Stadium, hiyo ni kiungo, nami ningeiunga mkono kwa mikono miwili. Hata ikija kujaa, safari yako itakuwa imefupishwa kwa kilomita, na kilomita zilizopunguzwa hazirudishwi na foleni. Lakini ikiwa ni mguu mwingine wa kuelekea mjini, wa leni tatu kila upande, wenye mwisho wake Landhies Road au Haile Selassie, basi mtafika kwenye foleni ileile mapema zaidi kuliko sasa, mkiwa wengi zaidi.

Chukua Thika Road, kwa sababu hapo tuna mfano wetu wenyewe. Ujenzi ulianza 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua Novemba 2012. Karibu kilomita 50, hadi leni nane katika baadhi ya sehemu, madaraja ya juu mahali palipokuwa na raundabauti za Muthaiga na Roysambu. Aliyeijua barabara ile kabla ya hapo hawezi kusema pesa zilipotea. Safari ya Thika iliyokuwa ikila saa mbili ikawa ya chini ya saa moja. Kisha watu wakafanya kile ambacho watu wenye akili hufanya: wakahama. Sensa ya 2009 ilihesabu Ruiru watu kama 240,000. Ya 2019 ikahesabu kama 490,000. Magorofa yakaota Zimmerman, Kahawa West, Githurai na Juja, yakafuata maduka makubwa ya Thika Road Mall na Garden City. Barabara iliyojengwa kwa ajili ya magari yaliyokuwepo ikatengeneza mengine ambayo hayakuwepo. Asubuhi leo barabara inakwenda mpaka inapokaribia Pangani, na hapo inagawanyika: wengine Murang'a Road, wengine Ngara, wengine ile iliyokuwa Forest Road, siku hizi Wangari Maathai Road. Njia hizo za kupokea magari hazikupata leni nane.

Wataalamu wa uchumi wa usafiri walishaliandika jambo hili zamani. Anthony Downs wa Marekani alieleza mwaka 1962 kwamba barabara ya haraka ya mjini huvuta magari mpaka foleni ya saa za kilele irudi. Mwaka 2011 Gilles Duranton na Matthew Turner walipima miji ya Marekani wakakuta kwamba jumla ya kilomita zinazoendeshwa na magari huongezeka karibu sawasawa na urefu wa leni zinazoongezwa kwenye barabara kuu. Houston waliipanua Katy Freeway mwaka 2008 hadi leni zaidi ya ishirini katika baadhi ya sehemu, ukihesabu za kando, na baada ya miaka michache safari za asubuhi na jioni zikaanza kurefuka tena.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawapendi. Hoja hiyo ikiletwa Nairobi kavukavu, kwamba kujenga barabara ni kazi bure, ni nusu ya ukweli. Houston ilikuwa tayari imejaa barabara ikaongeza nyingine. Sisi tuna mitaa ya maelfu ya watu iliyounganishwa na dunia kwa njia moja ya lami. Familia iliyopata nyumba ya bei nafuu Ruiru na bado ikafika kazini imefaidika, hata kama sasa inakaa kwenye foleni Pangani. Ninachokataa ni kuuziwa barabara kwa ahadi ya kumaliza foleni, halafu kwa ahadi hiyohiyo watu wakahamishwa bila kuulizwa kama kulikuwa na njia nyingine.

Na njia nyingine mara nyingi huwa iko kwenye makutano. Barabara ya Nairobi hukwama pale inapokutana na nyingine, na pale matatu zinaposimama. Leni moja isiyokatizwa na kitu inaweza kupitisha magari kati ya 1,800 na 2,000 kwa saa. Ikishafika kwenye taa zinazoipa kijani nusu ya muda, inapitisha kama 900. Sasa ongeza matatu tatu zilizosimama mita chache baada ya taa zikipakia, weka na mkokoteni unaovuka, na leni hiyo inabaki jina tu. Ukijenga leni sita zinazoelekea kwenye makutano ya namna hiyo, umefanya kama yule anayeongeza wapishi kwenye harusi huku mpakuaji akiwa mmoja.

Simama City Stadium saa moja asubuhi uone. Askari anashikilia upande mmoja dakika nyingi akiwapitisha wa Jogoo Road, kwa sababu anaona foleni yao ni ndefu na anawahurumia. Akija kuwafunga na kuwapa wa Lusaka Road, hao nao wamejaa mpaka nyuma. Kila upande ukisubiri muda mrefu hivyo, mkia wa foleni unarudi nyuma hadi unaziba makutano yaliyotangulia, na hapo wanakwama hata wale wasiokuja City Stadium kabisa. Askari hana kosa, kwani haoni mwisho wa mkia. Taa zilizounganishwa, zenye mizunguko mifupi, zingeuona kwa niaba yake. Pembeni, kuelekea Muthurwa na Machakos Country Bus, matatu zinashusha watu barabarani kwa sababu hazina pa kuingia. Kuihamisha steji moja mita mia moja mbele na kuipa nafasi yake pembeni ya barabara kunaweza kurudisha leni nzima kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na kilomita moja ya barabara kuu. Lakini hakuna mwanasiasa aliyewahi kukata utepe wa steji.

Mnakumbuka mapipa ya 2015, enzi za Gavana Evans Kidero? Kaunti iliweka mapipa kwenye raundabauti za Uhuru Highway kuzuia magari kukata kulia. Jiji likacheka, likakasirika, mapipa yakaondolewa. Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Kukata kulia ndiko kunakokula muda mwingi katika raundabauti iliyojaa. Kilichokosekana ni kuandaa mahali ambapo waliokatazwa kukata kulia wangegeukia. Tangu hapo ukisema urekebishe makutano badala ya kujenga barabara, watu wanakutajia mapipa.

Jambo jingine la kutazama kwenye mchoro ni nani amepewa nafasi. Katika jiji hili kiasi cha watu wanne kati ya kumi hufanya safari zao kwa miguu, kiasi kama hicho wako kwenye matatu, na wenye magari binafsi ni wachache. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ikiahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi iende kwa waendao kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Pima ahadi hiyo kwa macho yako kila unapotembea Lusaka Road asubuhi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Leni moja yenye taa, tumesema, inapitisha magari 900 kwa saa. Magari binafsi yakibeba kwa wastani mtu mmoja na nusu, hao ni watu 1,350. Leni hiyohiyo ukiipa matatu za viti 33 peke yake, mbili kwa kila dakika, umepitisha karibu watu 4,000, na leni bado inaonekana tupu. Ule utupu ndio unaowaudhi wenye magari, na ndio maana leni za mabasi hazidumu kwetu. Thika Road tulipaka rangi nyekundu mwaka 2018, ikafifia. Baadaye ukaanza ujenzi wa vituo vya mabasi ya mwendo kasi kwenye barabara hiyohiyo, ukasuasua. Mamlaka ya usafiri wa jiji, NAMATA, iliyoundwa 2017, ina njia tano kwenye karatasi zenye majina mazuri ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Dar es Salaam walianza ya kwao Mei 2016, kilomita kama 21 ukihesabu matawi yake, njia kuu ikiwa kutoka Kimara hadi Kivukoni. Ina matatizo yake, mabasi kuwa machache na kujaa kupita kiasi, lakini basi linapita foleni likiwa na leni yake, na hilo abiria wa Jogoo Road hajawahi kulionja.

Expressway sitaisemea mengi. Ni kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022, na Januari 2024 gari dogo liliwekewa ada ya kati ya shilingi 170 na 500. Inafanya kazi iliyojengewa, kwa anayeweza kulipa. Bodaboda na waendao kwa miguu hawaruhusiwi. Ukiisikia barabara yenu mpya ikitajwa pamoja na mwekezaji, uliza mapema kama ni ya kulipia, na kama barabara ya chini itabaki yenye hadhi au itakuwa ya masalia.

Outering ndiyo mfano ulio karibu nawe zaidi, na ningependa muuchunguze vizuri. Ilipanuliwa kati ya 2014 na 2018, kama kilomita 13, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ni barabara ya kukatiza, ile aina niliyoisifu hapo juu, na ilihitajika. Lakini ilianza kutumika kwa kasi kabla madaraja ya waendao kwa miguu hayajakamilika, katikati ya mitaa ambayo watoto huvuka kwenda shule na kina mama huvuka kwenda sokoni. Watu wakagongwa. Madaraja yakaja baadaye. Na hata yalipokuja, mengine yako mbali na mahali watu wanapovuka kwa kawaida, maana mtu aliyebeba gunia la sukuma wiki hatatembea mita mia tatu kwenda na mia tatu kurudi ili kuvuka mita hamsini. Kwa hiyo kwenye mkutano wa mradi, msiridhike na jibu kwamba madaraja yatakuwepo. Ombeni yaonyeshwe kwenye ramani, mkilinganisha na njia zenu za kila siku, na muulize kama mwanakandarasi atayajenga kabla ya lami kufunguliwa.

Kuunga au kupinga? Ningekuwa mimi ningekwenda kwenye mkutano nikiwa sijaamua. Katiba inataka wananchi washirikishwe, na mradi wa ukubwa huo lazima uwe na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyowasilishwa kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, ambayo mnayo haki ya kuisoma na kuitolea maoni kwa maandishi. Humo ndani ruka kurasa za ndege na miti, tafuta sehemu inayoeleza njia mbadala zilizofikiriwa. Mara nyingi ni ukurasa mmoja na nusu: njia ya kwanza, njia ya pili, kutofanya lolote. Ikiwa hakuna mahali waliposema kilichokataza kuboresha makutano yaliyopo au kuweka leni ya mabasi Jogoo Road, hapo ndipo pa kukazia. Tafuta pia makadirio ya idadi ya magari na uone yamehesabiwa hadi wapi. Kama hesabu inaishia mwisho wa barabara mpya na haigusi makutano yanayofuata, basi hakuna aliyejiuliza foleni itakwenda wapi. Mkiwa na maswali mawili yaliyoandikwa na kusainiwa na watu hamsini, mna nguvu kuliko watu mia tano wanaozomea.

Sasa vyumba vya mama.

X nyekundu na vigingi ni mambo mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya mpaka wakachelewa. X kwa kawaida humaanisha mamlaka ya barabara inadai jengo limeingia ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi ambayo tayari ni ya umma. Kigingi kinaweza kuwa cha upimaji tu, au cha kuonyesha ardhi ya watu binafsi inayotakiwa kununuliwa kwa lazima. Ardhi ikiwa ya hifadhi, hailipwi. Ikiwa ya mtu binafsi, inalipwa, na kwa ukamilifu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujua ukuta wa mama uko upande gani wa mstari. Chukueni namba ya ploti, mfanye upekuzi rasmi wa umiliki kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, kisha mtafute mpima ardhi mwenye leseni alinganishe mipaka yenu na ramani za Survey of Kenya kule Ruaraka. Mara nyingine hifadhi iliyochorwa kwenye ramani ya zamani si ile ambayo vijana wa makoti wanaipima. Pigeni picha X pamoja na namba yoyote iliyoandikwa pembeni yake, msiifute. Muulize rasmi, kwa barua, ni mamlaka ipi iliyoiweka. Barabara za mijini ni za KURA, barabara kuu za kitaifa ni za KeNHA, na nyingine ni za Kaunti. Ukipeleka malalamiko ofisi isiyohusika unapoteza wiki.

Tuseme ardhi ni ya mama. Ardhi huchukuliwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwa niaba ya mamlaka ya barabara, chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012. Kwanza tume hutangaza nia ya kuichukua katika Gazeti Rasmi la Serikali, ikitaja namba za ploti. Zikipita angalau siku 30, hupanga tarehe ya kikao cha uchunguzi, ambayo nayo lazima itangazwe angalau siku 15 kabla. Mama anatakiwa kuwa amewasilisha dai lake kwa maandishi kufikia siku ya kikao hicho. Hapa ndipo wengi huangukia, kwa sababu Gazeti Rasmi halipiti mtaani likitangaza kwa kipaza sauti. Chagueni kijana mmoja wa mtaa awe analisoma kila Ijumaa. Linapatikana kwenye intaneti.

Dai lisiwe la thamani ya ardhi na matofali tu. Kanuni za fidia za 2017 zinaongeza asilimia 15 ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu, na zinaruhusu kudai gharama za kuhama, faida iliyopungua, na hasara inayopata sehemu inayobaki iwapo ploti itakatwa. Vyumba vya kupangisha ni biashara. Kwa hiyo mama akusanye daftari la kodi, taarifa za M-Pesa za wapangaji, bili za maji na stima, na idhini ya ujenzi kama ipo. Wapangaji nao wana cha kudai, hasa mwenye duka au kinyozi aliyejenga wateja wake hapo. Na asiongeze chumba sasa kwa matumaini ya fidia. Mtathmini huangalia kilichojengwa lini na kwa nia gani, na mchezo huo wameuona mara nyingi.

Labda ploti ni ya kampuni ya ununuzi wa ardhi na mama ana cheti cha hisa badala ya hati miliki, kama ilivyo kwa wengi upande wenu. Msikate tamaa wala msijifiche. Kifungu cha 40 cha Katiba, ibara ndogo ya nne, kinaruhusu kulipwa kwa anayekalia ardhi kwa nia njema hata kama hana hati. Kinaruhusu, hakilazimishi, kwa hiyo ushahidi wa ununuzi, risiti, na miaka mliyokaa ndio utakaowabeba.

Na kama mpima atathibitisha kwamba ukuta kweli uko ndani ya hifadhi? Hata hapo tingatinga haliji tu asubuhi. Sheria iliyorekebishwa 2016 inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu kwenye ardhi ya umma, na mahakama inaweza kuombwa iingilie. Nasema sheria inataka. Kibera Julai 2018 barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipita juu ya nyumba na shule, na Mukuru kwa Njenga mwishoni mwa 2021 watu walilala nje wakati wa mvua. Ndiyo maana ninakushauri uulize mapema nani analipia mradi. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika hudai mpango wa kuwahamisha watu unaowahesabu hata wasio na hati, pamoja na wenye vibanda, na zina ofisi za kupokea malalamiko. Mradi ukilipiwa na hazina ya taifa peke yake, ulinzi huo hauji wenyewe, mtaupigania.

Malipo yenyewe yanaweza kuchelewa, na wapo waliosubiri miaka. Tuzo, yaani kiwango cha fidia kilichoamuliwa, ikitolewa na mama asiridhike, anaweza kuipinga kwenye baraza la rufaa la ununuzi wa ardhi na hatimaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kupokea pesa na kupinga kiwango ni mambo ambayo wakili anaweza kuyatenganisha, ila mama asisaini karatasi yoyote inayosema ameridhika kikamilifu kabla ya kuisomewa. Watatokea pia watu wa kuharakisha faili kwa asilimia fulani. Tume haitozi chochote kumlipa mwenye ardhi, na kila shilingi mtakayompa mtu huyo imetoka kwenye matofali ya mama.

Kwa wale majirani wanaotafuta wakili, waambie wasitafute kila mtu wa kwake. Mpima mmoja na mtathmini mmoja wa kujitegemea wakifanya kazi kwa ploti thelathini gharama inagawanyika, na tume ikiona hesabu za jirani na jirani zinalingana inakuwa vigumu kwake kumpa mmoja nusu ya mwenzake. Kila dai lipelekwe kwa nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine irudi nyumbani ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa.